Mshenga wa Lenzi

Siku sauti ya dada yangu iliporudi, wiki ya tatu baada ya kiharusi, neno la kwanza kumtoka lilikuwa "Chiriku." Tulikuwa watatu chumbani: yeye kitandani, mimi na bakuli la supu mkononi, na mume wake amesimama dirishani, mikono mfukoni. Nje, kwenye mti wa maua ulio nyuma ya jiko, kulikuwa na chiriku kweli, kile kindege cha manjano kisichojua kukaa kimya. Shemeji akautazama mti, akakitazama kitanda, akasema, "Anataka ndege. Nitampigia picha."

Mimi nikasema, "Haya."

Niseme lililo kweli mapema, nisije nikajifanya mjanja baadaye. Chiriku ni ndege, lakini katika nyumba ile Chiriku alikuwa pia mtu. Ndilo jina la utani la binti yao, mtoto wao wa pekee, aliyeanza kusema kabla hajajua kutembea na asiufunge mdomo tena kwa miaka ishirini na miwili. Sasa ilikuwa miaka sita tangu aondoke, na jina hilo halikuwa limetamkwa humo ndani hata kwa bahati mbaya. Dada alikuwa anamtaka mwanawe. Daktari alishatuambia waziwazi kwamba kiharusi cha pili hakitapiga hodi. Namba ya simu ya huyo mtoto alikuwa nayo mtu mmoja tu kati yetu, jambo nililokuja kulijua baadaye, na mtu huyo alishatoka kwenda kufungua sanduku la lenzi.

Kwa nini nilisema "haya"? Sijui. Upande wa kulia wa dada ulikuwa umekufa ganzi kuanzia shavu hadi kidole cha mguu, na daktari aliweza kuonyesha kwa kalamu pale ganzi inapoanzia na pale inapoishia. Ya kwetu sisi wawili hakuna aliyeipima. Nilikuwa naamka, namgeuza dada, namfuta, namlisha, nakwenda studio, narudi, namgeuza tena. Mtu akiniuliza habari za asubuhi nasema nzuri.

Shemeji ana studio ya picha za pasipoti, mtaa wa pili kutoka nyumbani, chumba kimoja na pazia jeupe. Mimi ndiye mkata picha. Miaka kumi na minne nimekata vichwa vya watu, vinne vinne, na mkasi wangu haujawahi kugusa sikio la mtu. Wateja wanamwita Bwana Tulia, kwa sababu kila anapoinua kamera husema neno hilo moja, "Tulia," na watu hutulia, hata watoto wachanga. Nje ya studio hana maneno mengi zaidi ya hilo. Dada alimpenda hivyo hivyo. Mimi ilinichukua miaka kumzoea, na mpaka leo kuna siku nashikwa na hamu ya kumtikisa nione kama kuna kitu ndani.

Jumapili zake zote ni za ndege. Ana lenzi ndefu moja, anaiita mia nne kwa hesabu ya milimita zake, aliyoinunua kwa mpiga picha mstaafu wa gazeti. Alipoichagua alikuwa na mbili mbele yake. Moja ilikuwa nene kama ndoo, mdomo mpana, inameza mwanga hata alfajiri. Nyingine nyembamba zaidi, mdomo mdogo, lakini mtu unaweza kuibeba siku nzima bila kurudi nyumbani na bega la kukandwa. Akachukua nyembamba. "Lenzi nzuri ni ile utakayokuwa nayo ndege akitokea," alisema, na kwa Bwana Tulia hiyo ni hotuba. Dada ndiye aliyebeba stendi ya miguu mitatu. Macho yake yalikuwa makali kuliko lenzi yoyote. Angenong'ona tu, "Tawi la pili, kushoto," na shemeji angeelekeza kamera kule bila kuuliza.

Halafu kuna vile vipande viwili vifupi vinavyokaa kati ya kamera na lenzi ili kuvuta picha karibu zaidi. Vina jina la kitaalamu, lakini mimi siku ya kwanza kuviona nilisema, "Kumbe huyu ni mshenga," kwa kuwa anasimama katikati ya wawili na kazi yake ni kuwasogeza. Dada alicheka hadi akakaa chini. Tangu hapo wakawa Mshenga Mdogo na Mshenga Mkubwa, na hata shemeji aliwaita hivyo bila kutabasamu. Mshenga Mdogo anaifanya mia nne kuwa mia tano na sitini. Mshenga Mkubwa anaifanya mia nane. Ila hakuna mshenga wa bure. Mdogo anakula nusu ya mwanga unaoingia. Mkubwa anakula robo tatu, na juu ya hapo kamera inashindwa kulenga yenyewe, kila mtikisiko wa mkono unaonekana mara mbili, na uchafu wowote wa lenzi unakuzwa pamoja na ndege. Shemeji alikuwa na sheria moja juu yao, na alinifundisha mimi kama alivyomfundisha binti yake: usimtume mshenga pale miguu inapofika. Sogea kwanza. Ukishindwa kabisa kusogea, ndipo umfungue kwenye sanduku.

Binti yake alifundishwa sheria hiyo tangu akiwa mdogo, kwa sababu alikwenda nao kila Jumapili. Alikwenda akiongea, alirudi akiongea. Alimwambia mama yake habari za shule, za ndoto, za mwalimu aliyekuja na viatu vya mwanawe. Baba yake alisema "tulia" mara mia. Akiwa na miaka ishirini na miwili aliacha kwenda, lakini Jumapili moja, dada akiwa amebaki nyumbani, alimfuata baba yake bwawani. Shemeji alikuwa amejibanza kwenye matete, akimngoja mdiria, yule ndege wa buluu anayepiga mbizi kuvua samaki. Alikuwa amemngoja kwa miaka miwili, si maneno tu, miaka miwili ya Jumapili, na siku ile mdiria alikuwa ametua kwenye kijiti, samaki mdomoni. Chiriku akatokea njiani anakimbia, anaita, "Baba! Baba, sikia!" Mdiria akaruka. Shemeji akageuka na kumwambia mwanawe, "Bora ungezaliwa bubu."

Nilisimuliwa na dada, ambaye alisimuliwa na mtoto. Alichokuwa amekwenda kusema hakukisema. Alirudi nyumbani, akafunga mzigo, akaondoka kesho yake na basi la kwanza. Namba yake ya simu ikazimwa wiki hiyo hiyo. Dada alilia mwaka mzima, kisha akaacha, lakini Jumapili hakubeba stendi tena.

Basi ndiyo sababu nasema wote watatu tulijua Chiriku ni nani, na bado shemeji akafungua sanduku la lenzi, na mimi nikasema haya.

Siku za mwanzo alipiga kutoka dirisha la chumbani, kwa mia nne peke yake. Mti hauko mbali, hatua kama ishirini, lakini chiriku ni mdogo kuliko ngumi ya mtoto, na kwenye picha alionekana kama punje ya mahindi kwenye zulia. Akamfunga Mshenga Mdogo. Asubuhi upande ule una kivuli cha nyumba ya jirani, na mshenga alipokula nusu yake ya mwanga, kamera ikabaki kupapasa. Akaipandisha nguvu ya kuona gizani, picha zikajaa chenga. Akangoja mchana, jua likawa kali, hewa juu ya bati la jiko ikaanza kucheza, na hakuna lenzi duniani inayonyoosha hewa inayocheza. Ikabaki saa moja tu nzuri, jua linaposhuka, tena kama hakuna wingu.

Dada alikuwa anatazama. Kila baada ya muda alisema, "Chiriku," na shemeji alijibu bila kugeuka, "Nakuja naye." Alisema kwa upole. Hilo ndilo lililonichanganya.

Wiki ya pili akamtoa Mshenga Mkubwa. Sasa ndege alijaa kwenye picha, lakini kila kitu kilitetemeka. Akaning'iniza mfuko wa mchanga kwenye stendi. Akaacha kubonyeza kwa kidole, akaiwekea kamera saa ya kungoja sekunde mbili, na chiriku katika sekunde mbili ameshakaa matawi matatu. Akarudi kwenye kidole. Alilenga kwa mkono, akizungusha pete ya lenzi kidogo, nyuma, mbele, nyuma, kama mtu anayetafuta kituo kwenye redio ya zamani. Nilipita na beseni nikamwambia, "Shemeji, si utoke nje usogee karibu na mti?" Akasema, "Atashtuka." Nikajibu kwamba ndege yule anakula makombo mlangoni pangu, hashtuki hata nikimpigia kelele. Akaendelea kuzungusha pete, na sikurudia.

Aliyeniamsha alikuwa mwanamke anayekuja kumfanyisha dada mazoezi, mara tatu kwa wiki. Ana mikono kama ya mkandaji wa unga na hana adabu za kuzungukazunguka. Alikuwa anakunja goti la dada, anahesabu, akaniuliza, "Hivi Chiriku ni nani?"

"Ndege," nikasema. "Yule pale nje."

"Mh. Mbona akimwita haangalii dirishani?"

"Anaangalia wapi?"

"Angalia mwenyewe."

Nikakaa kando ya kitanda, kwa mara ya kwanza bila kitu mkononi. Dada akasema, "Chiriku," na jicho lake zima, la kushoto, likaenda mlangoni. Likakaa hapo. Nyuma yake ndege alikuwa anapiga kelele kwenye mti, na mumewe amempa mkewe kisogo, anazungusha pete. Sikulia. Nilipaswa kulia, nililijua hilo kama mtu anavyojua kwamba chai ni ya moto, lakini hakuna kilichokuja.

Jioni ile ile akampata. Mwanga ulikuwa sawa, ndege alisimama kwenye tawi tupu kwa muda wa pumzi moja, mdomo wazi. Mimi nimekata picha nyingi, najua picha. Ile ilikuwa kali mpaka unaweza kuhesabu manyoya ya kifuani, na ndani ya jicho la ndege kulikuwa na nyumba yetu, ndogo, dirisha lake na yote. Kesho yake akaichapisha studio, kubwa, akaitia fremu, akaipigilia ukutani mbele ya kitanda.

"Huyu hapa," akamwambia mkewe.

Dada akaitazama. Aliitazama kwa heshima, kama alivyozitazama zote. Kisha jicho likarudi mlangoni. "Chiriku," akasema.

Shemeji akaondoka chumbani. Nikamfuata hadi studio, nikamkuta ameketi kwenye kile kiti wanachokalia wateja, pazia jeupe nyuma yake, ameitenganisha lenzi na Mshenga Mkubwa na anaifuta kwa kitambaa. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikageuza kibao cha mlangoni kisomeke tumefunga.

"Shemeji, dada hataki ndege."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Siku ile ile."

Nikatafuta pa kukaa, nikakosa, maana alikalia kiti pekee. "Sasa wiki zote hizi ulikuwa unafanya nini?"

Akafuta, akapuliza, akafuta. "Nilikuwa namtafutia Chiriku ninayemuweza."

Ndipo akanionyesha simu yake. Kila mwaka, tarehe aliyozaliwa shemeji, ulikuja ujumbe mmoja kutoka kwa binti yake, maneno yale yale: "Namba yangu bado hii." Chini yake anwani. Ujumbe sita, wote kwa baba aliyepaswa kumwita, majibu hakuna. Kutoka kwetu hadi kwa mwanawe ni saa tatu kwa basi, unakula njiani mara moja tu. Dada yangu alikuwa amelia mwaka mzima, na namba ilikuwa mfukoni mwa suruali niliyokuwa naifua mimi.

Hapo ndipo hasira ilinijia, na niliipokea kama mgeni niliyemkumbuka. Nikamtolea maneno ambayo mtu hamtolei shemeji yake, na sitayarudia. Aliyasikiliza yote.

"Nikimpigia nitasema nini?" akauliza mwishoni. "Mimi maneno sina. Nilikuwa na yale manne tu, nikayatumia siku ile."

Ni matatu, lakini sikumsahihisha. "Usimpigie. Nani kakwambia umpigie? Usimtume mshenga pale miguu inapofika. Si wewe uliyesema? Au ilikuwa ya ndege tu?"

Nje kuna mtu alisoma kibao, akagonga, akaondoka. Shemeji akainuka, akachukua koti lake. Lenzi akaiacha mezani, mdomo wazi, bila kifuniko, yeye ambaye alishawahi kuniamsha usingizini kuniuliza kama nimefunika lenzi.

Aliondoka na basi la asubuhi. Saa kumi jioni nikasikia geti. Waliingia wawili, yeye mbele, na nyuma yake mwanamke mwembamba mwenye nywele fupi na miwani. Nilimtambua kwa mwendo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Jamani, Chiriku! Za miaka?"

"Nzuri."

Nikangoja. Mtoto huyu zamani ukimuuliza habari, chakula kilipoa. Nikauliza safari, akasema salama. Nikauliza kazi, akasema yuko maabara, anapima damu. Nikamwambia amekonda. Akatabasamu kidogo na kutazama viatu vyake. Nilidhani ni aibu, au ni hasira, kisha nikaelewa kwamba siyo. Ndivyo alivyo sasa. Aliambiwa bora awe bubu, na yeye tangu utotoni ni mtu wa kujifunza haraka.

Akaingia chumbani, akaketi kando ya kitanda, akaushika mkono wa mama yake. Alishika wa kulia, ule wenye ganzi. Nilitaka kumwambia, nikaacha, nikaona dada mwenyewe anauvuta wa kushoto polepole juu ya shuka mpaka ukafika.

"Chiriku," dada akasema. Jicho halikwenda mlangoni tena.

"Naam, mama."

Dada alikuwa anamtazama midomo. Alikuwa anangoja, na mimi niliyeishi naye maisha yote nilijua anachongoja: zile habari zisizo na mwisho, za shule, za ndoto, za viatu vya mwalimu. Mtoto alifungua mdomo, akaufunga. Alijaribu tena. Machozi yalimtoka kabla ya neno, na neno halikufuata. Nje ndege aliendelea na yake. Nilitamani kumrushia kiatu.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, koti bado mwilini. Akasema, "Sema, mwanangu."

"Niseme nini, baba?"

"Ulichokuja kuniambia siku ile. Bwawani."

Nilidhani amekisahau. Kisha akasema, taratibu, akimtazama mama yake na si baba, "Mama alinituma. Aliniambia nikimbie nikakwambie chiriku wanajenga kwenye mti wa nyuma ya jiko, chini kabisa, unawafikia kwa mkono. Alisema urudi nyumbani. Alisema kwa hawa huhitaji hata lenzi ndefu." Akajifuta pua kwa kiganja. "Basi. Ndicho hicho tu."

Dada akacheka. Nusu ya uso wake haikuweza, lakini nusu nyingine ilicheka, na sauti ikatoka, ile ya siku ya mshenga. Akamtazama mumewe akicheka hivyo. Shemeji akaegemea mlango, akateremka taratibu mpaka akakaa sakafuni na koti lake.

Dada aliishi siku kumi na moja baada ya hapo. Chiriku aliomba ruhusa kazini, akabaki. Maneno yake hayakurudi. Kwa siku nilihesabu kumi, kumi na tano, mengi yakiwa "naam" na "nageuza, mama." Mimi na yeye tulimgeuza pamoja, ikawa nyepesi. Picha ya ndege ilibaki ukutani na hakuna aliyeitazama.

Siku ya tisa shemeji aliingia na kamera, na juu yake ile lenzi fupi ya picha za pasipoti, maana mia nne chumbani mle isingeona kitu. Hiyo mia nne inataka mtu awe mbali hatua nne ndipo imtambue. Alivuta kiti hadi magoti yake yakagusa kitanda. Mama na binti walikuwa wamelala kichwa kwa kichwa kwenye mto mmoja. Akainua kamera, na nikasubiri neno lake, hata mkono wangu ulishatulia wenyewe juu ya shuka.

"Ongeeni," akasema.

Wakamtazama. Alingoja muda mrefu, kamera jichoni, kidole tayari, kama alivyongoja bwawani. Hawakuongea. Akapiga hivyo hivyo.